Kidonda cha faiba: siku kumi za kuziba mkwaruzo wa shibiri moja

Wakuu, naanza na aibu kabisa ili tuelewane mapema. Huu mkwaruzo ninaotaka kuwasimulia nilishautengeneza mara moja kabla, kwa mchana mmoja tu, na nikajisifia mpaka nikatuma picha kwenye grupu la WhatsApp. Wiki tatu baadaye kile nilichokiziba kikabanduka kama ganda la kidonda, kikaenda zake baharini, na mi nikabaki na picha.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 18, nyeupe, au tuseme ilizaliwa nyeupe, nimeinunua mtumba kwa mtu. Wikiendi napeleka watu kisiwani Mbudya na kuwarudisha Kunduchi, hapa Dar, siku za katikati tunaenda nayo kuvua. Siku ya tukio maji yalikuwa yanakupwa, nina abiria sita na mmoja wao ana haraka kuliko wote sijui anawahi nini, mi nikakata kona mapema kwenye miamba badala ya kuzunguka kama siku zote, afu nikasikia krrrrrk. Moja tu, ndefu, ya kukausha mate mdomoni. Watu kimya. Nikainua injini, nikachungulia ndani, hamna maji yanayoingia, nikawaambia msijali, ni mchanga huo. Mchanga gani unalia vile.

Tulipofika pwani nikainama kuangalia. Chini ya omo, yaani mbele, upande wa kulia, urefu wa shibiri moja, upana wa kidole gumba. Jelikoti, ile ngozi ya nje, imeondoka yote pale na ndani nyuzi zimetokeza nyeupe kama machicha ya nazi. Hakuna tundu. Na hapo ndo penye mtego, manake ingekuwa tundu ningeogopa, ningeita fundi siku hiyo hiyo. Mkwaruzo hautishi. Unauangalia unasema ah, hiki kitu kidogo.

Basi nikafanya kama wengi wanavyofanya. Nikaenda kwa jamaa wa gereji nikachukua pati ya magari, ile bodi fila, nikasubiri maji yatoke, nikafuta kwa kitambaa, nikapaka, nikapiga msasa, nikapulizia rangi nyeupe ya kopo. Saa tisa alasiri nimemaliza. Ilipendeza kweli, siwadanganyi.

Sasa pati ya gari imetengenezwa kwa ajili ya bati linalonyeshewa mvua likakauka. Ndani yake kuna unga wa ulanga, inakunywa maji taratibu, na ukiiweka chini ya mstari wa maji inashinda inakunywa usiku na mchana mpaka inavimba na kuachia. Afu mi niliipaka juu ya nyuzi zilizokuwa bado na chumvi na unyevu ndani yake, yaani nilipaka poda juu ya mtu aliyetoka kuoga bila kujifuta.

Kuna mzee pale pwani, fundi wa zamani wa mashua na ngalawa, siku hizi nusu ya kazi zake ni faiba kwa sababu ndo zinazoletwa. Nikamwita aje kuona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakufanyia hii?"

"Mwenyewe mzee."

"Pole."

Hakucheka. Bora angecheka. Akapitisha kidole kwenye lile shimo, akaniuliza kama nilipakausha kabla ya kuziba. Nikamwambia jua lilikuwa kali sana siku ile. "Mwanangu, jua limekausha ngozi. Nyama ilikuwa mbichi." Afu akasema neno ambalo mi lilinikera siku ile: "Ukitaka kuiziba hii, kwanza tuitoboe zaidi."

Hapo niwaelezee kidogo boti ya faiba inavyotengenezwa, manake bila hivyo hamtaelewa kwa nini kila kitu kwenye kazi hii kinaenda kinyume na mtu anavyotarajia. Boti ya mbao inaanza na mkuku, mbao na mifupa, afu rangi ya nje inafuata mwisho. Faiba ni kichwa chini miguu juu. Kuna kalibu, umbo tupu kama bakuli kubwa la boti, ndani yake wanaanza kupaka jelikoti, ile ngozi nyeupe inayong'aa, unene wake kama nusu milimita hivi. Ikishika ndo wanalaza mati za nyuzi za kioo wanazilowesha resini, ile gundi yake ya maji inayogeuka ngumu, mati juu ya mati, mpaka unene unatosha, afu wanaichomoa boti kwenye kalibu kama mkate kwenye chombo chake. Yaani ngozi inazaliwa kwanza, nyama baadaye, na mng'ao wote ule umetoka kwenye ulaini wa kalibu, hakuna mtu aliyekaa akausugua. Na ukifikiri vizuri ni uzi tu bana, uzi wa kioo uliogandishwa kwenye gundi. Mababu zetu walishona mashua za mtepe kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, sisi tumerudi kwenye uzi kwa njia nyingine.

Sasa we unayetengeneza huna kalibu. Unaanza na nyama unamalizia na ngozi, kinyume chake. Shida karibu zote nilizopata zimetokea hapo.

Kwanza boti itoke majini, na isitoke kwa saa sita za kupwa tu. Hapa mzee alinifundisha kitu cha bure ambacho wenye boti wengi wa siku hizi hatukitumii. Tulisubiri bamvua, yale maji makubwa yanayorudi kila wiki mbili. Maji ya bamvua huku kwetu yanapanda na kushuka karibu mita 4, kwaiyo maji yalipojaa kabisa tukaielesha boti mpaka juu ya ufukwe inapoishia taka za mwani, tukatanguliza magogo chini yake, tukaivuta vijana wanne. Siku zilizofuata kila maji yakijaa yanafika chini zaidi kuelekea maji mafu, yale madogo, boti iko pakavu, haina habari na bahari mpaka bamvua nyingine. Kamba na magogo tu, hakuna kreni. Ubaya wake ni kwamba una tarehe ya mwisho. Bahari ikirudi inakuja kuidai boti yake umemaliza hujamaliza.

Siku za kwanza hatukuziba kitu, na mi roho inaniuma kwa sababu wikiendi inapita. Tulikwangua pati yangu yote, tukaosha kwa maji baridi ya bomba, sio mara moja, mara tatu nne, manake chumvi ikibaki inavuta unyevu hata kama huuoni. Afu ikawa jua na upepo. Siku ya pili mchana mzee akachukua kipande cha nailoni nyeupe inayoonesha akakibandika juu ya jeraha kwa tepu pande zote. Baada ya saa moja nailoni ina vitone vya maji kwa ndani kama chungu kilichofunikwa. "Unaona? Bado linalia." Siku ya nne asubuhi tukarudia, mchana nailoni kavu. Huo ndo mtihani, hauna gharama, na kama ningeujua siku ile ya pati nisingepoteza hela yangu.

Wakati tunasubiri akachukua nyundo ndogo, akaigeuza, akaanza kugonga ubavu kwa mpini. Taratibu, kama mtu anayechagua nazi sokoni. Ta, ta, ta, ta. Sehemu nzima inalia kavu. Ikifika sehemu ambayo mati zimeachana ndani sauti inazama, inakuwa "tu", kama unagonga embe. Kwenye ncha moja ya ule mkwaruzo sauti ilizama mpaka inchi moja na nusu kupita pale jicho linapoona mwisho wa jeraha. Akazungushia penseli. Akaniambia nimalizie boti nzima hivyo hivyo, nigonge kote. Nikasema sawa mzee. Sikugonga. Mtaona.

Sasa kazi ya kutoboa. Hii ndo inayouma. Unashika grainda yenye diski ya msasa namba 60 au 80, na unaanza kula boti yako mwenyewe. Kila kilichoachana kinatoka. Kila uzi ulio mweupe mweupe, ambao resini imeshaachana nao, unatoka. Unaacha kusaga ukifika kwenye faiba ngumu yenye rangi moja, ile inayoonesha kama kioo cha chai. Afu kingo hazibaki wima, unazilaza ziwe mteremko mrefu. Kipimo wanachotumia mafundi wa faiba ni 12 kwa 1: kina cha milimita 1, mteremko wa milimita 12 kila upande. Mkwaruzo wangu ulipofika kwenye faiba nzima ulikuwa kina cha milimita 2, kwaiyo milimita 24 huku na 24 kule. Kilichokuwa upana wa kidole gumba kikawa upana wa kiganja. Ingekuwa tundu la kupita kabisa kwenye unene wa milimita 5 lenye upana wa sentimita 2, piga hesabu mwenyewe, unaishia na kiraka cha sentimita 14.

Nilimuuliza mzee kwa nini tusiache kingo wima tukajaza tu kama shimo la ukutani. Akaniambia ukuta hautembei. Boti inapigwa na wimbi inajikunja kidogo, inarudi, inajikunja, na kiraka chenye kingo wima kinashikilia kwenye ule mstari mwembamba tu wa pembeni. Ukilaza kingo, kila mati mpya inakaa juu ya nyama ya zamani eneo kubwa. Resini mpya juu ya faiba iliyokwisha kukauka haichanganyiki nayo tena, inajishika tu kwenye mikwaruzo uliyoiacha na msasa, sasa mpe pa kushika.

Tahadhari ya vumbi. Lile vumbi ni vioo. Linawasha kama upupu, na ukijikuna ndo unalizamisha. Mikono mirefu, miwani, barakoa ya maana sio ile ya kitambaa, simama upepo unatoka mgongoni. Ukimaliza oga maji ya baridi kwanza. Nguo zake zifuliwe peke yake. Mi nilizitia pamoja na za nyumbani, na mama watoto alivaa kanga yake akashinda anajikuna siku nzima. Hilo halijaisha mpaka leo.

Haya, resini. Madukani utapata ya poliesta, ndo hiyo boti nyingi zimetengenezwa nayo. Kuna wanaopenda gundi ya epoksi na kweli epoksi inashika zaidi, mi sibishani nao, ila jelikoti ya poliesta juu ya epoksi sio ya kuaminika, inaweza kukuachia. Ukienda na epoksi malizia na rangi ya boti, usiende na jelikoti. Mi nilitaka ngozi kama ya zamani kwaiyo nikabaki na poliesta mwanzo mwisho.

Kosa langu siku ya kwanza ya resini lilikuwa wingi. Nilichanganya gramu mia tatu hivi kwenye kikombe cha plastiki, vile vya shughulini, na hadena, ile dawa ya kuigandisha, nikamimina kwa jicho. Mchana wa Dar, digrii kama 32. Kwanza kikombe chenyewe kikalegea chini kikaanza kuvuja, manake plastiki ya aina ile inayeyushwa na resini. Nikahamishia kwenye kopo. Sijamaliza kulowesha mati ya kwanza naona kopo limekuwa la moto, afu linatoa moshi, harufu ya kuumiza macho, na resini imekuwa uji, imekuwa ugali, imekuwa jiwe. Mzee akaliokota kopo kwa koleo akalitupa kwenye mchanga wazi, hajasema kitu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba, ile ya nyuzi zilizotupwatupwa kama nyasi, ikishaloweshwa inakupa kama milimita 1 ya unene. Mi nilihitaji milimita 2, kwaiyo mati mbili. Kipande cha sentimita 30 kwa 10 kina uzito wa gramu 13 na nusu tu. Viwili gramu 27, na resini inaenda mara mbili ya uzito wa mati au na kidogo juu. Resini jumla gramu 60. Sitini! Nilichanganya mia tatu kwa kazi ya sitini. Na hadena kwa joto letu ni kama asilimia 1 hadi 1.5, sio zaidi, ila usiende chini ya 1 ukidhani unajiongezea muda, inaweza isikauke maisha. Kwa gramu 60 ni nusu mililita na kidogo juu. Nusu mililita huwezi kuipima kwa kifuniko. Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la mililita 1, na mizani ndogo ile ya wauza viungo. Kikombe, kata chupa ya maji ya kunywa. Muda wa kufanya, asubuhi saa kumi na mbili na nusu au jioni kivulini.

Na hapa nisimame kidogo maana sio utani. Ile hadena ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, kwaiyo miwani kabla hujafungua kichupa, na ndoo ya maji safi iwe karibu, sio nyumbani. Ikitokea, osha hapo hapo, muda mrefu, huku mtu anatafuta usafiri wa hospitali. La pili, kuna resini zinauzwa zikiwa hazijatiwa kile kimiminika cha zambarau cha kuharakisha, wanakupa vichupa viwili pembeni, cha zambarau na cha hadena. Hivyo viwili visikutane vyenyewe kwa vyenyewe, hata tone, vinalipuka. Cha zambarau kinakorogwa kwanza kwenye resini mpaka kimepotea kabisa, ndo hadena inafuata. Wala hadena usiichanganye na asetoni, ile ya kusafishia. Asetoni yenyewe inashika moto vibaya, sigara mbali.

Mati tulizichana kwa mkono badala ya kuzikata na mkasi, kingo zikawa na manyoyamanyoya yanayojilaza vizuri. Resini kwanza kwenye faiba, afu mati, afu brashi ya kugongagonga, sio ya kuvuta kama unapaka rangi, ukivuta nyuzi zinakufuata. Unagonga mpaka weupe wote umepotea na mati inaonekana kama kioo. Popote palipobaki peupe kuna hewa, na hewa ni nyumba ya maji.

Kesho yake tukasaga kidogo ili kiraka kishuke chini ya ngozi ya zamani kama nusu milimita, nafasi ya jelikoti. Na sasa ndo ule ukinyume niliousema.

Jelikoti nilipaka vizuri, nikarudi kesho asubuhi nimejiandaa na msasa, naigusa, inanata. Nikaiacha mpaka jioni, inanata. Nikafikiri wameniuzia hadena mbovu nikamwambia mzee nataka kurudisha dukani. Kumbe jelikoti ya kawaida haikauki juu ikiguswa na hewa, oksijeni inaizuia. Kule kiwandani uso wake umelala kwenye kalibu, hewa haiuoni, na mgongo wake unafunikwa na mati, kwaiyo shida hiyo hawaijui. We unaipaka nje, uso wake ndo unatazama hewa. Dawa yake ni ama utie nta maalumu iliyoyeyushwa, inaelea juu na kufunika, ama uzuie hewa mwenyewe. Tukaifuta ule unato kwa asetoni, tukapiga msasa, tukapaka tena safari hii tukiacha ikae juu kidogo ya ngozi ya zamani, afu tukafunika na selotepu pana ya kufungia maboksi, vipande vinapandana, tukikandamiza na ukingo wa kadi ya simu kuanzia katikati ili hewa itoke. Saa nne baadaye tumebandua, ngumu kama kucha.

Vimikwaruzo vingine vya mnyororo wa nanga kule mbele, ambavyo havikufika kwenye nyuzi, hatukuvitia mati. Hiyo ni ngozi tu. Tulivikwangua viwe mfereji wenye mdomo wazi, tukavifuta, tukajaza jelikoti nzito, selotepu, basi. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui kuzunguka kile chuma cha kufungia kamba nazo ni ngozi, lakini chanzo chake sio ngozi. Chuma kilikuwa kimefungwa na bolti na washa ndogo tu, kwa ndani hakina bamba, kila boti ikivutwa faiba inajikunja pale na jelikoti, ambayo haijui kujikunja, inapasuka. Ukizijaza bila kuweka bamba kwa ndani utazijaza kila mwaka. Tuliweka bamba la aluminiamu kwanza. Nyufa zenyewe nilizifungua moja moja kwa kipande cha msumeno wa chuma nilichokinoa ncha, jioni nzima, na ndo kazi niliyoipenda kuliko zote, sijui kwa nini.

Rangi nilikosea kidogo. Nyeupe ya boti iliyopigwa jua miaka sio nyeupe, ni kama meno ya mzee anayekunywa kahawa. Nilijua hilo nikatia njano tone na kahawia kwenye ncha ya njiti, nikalinganisha, sawasawa kabisa. Kosa ni kwamba nililinganisha na ngozi ya zamani kabla ya kuisugua. Tulipokuja kupiga polishi, ile ya zamani ikarudi kuwa nyeupe zaidi, na kiraka changu kikabaki na kahawa yake. Kwaiyo sugua kwanza pembeni, upate rangi yake halisi, ndo uchanganye.

Msasa wa maji mnaujua wote mliopita kwenye gereji za rangi. Namba 220 kwenye kibao kuondoa kilichozidi, afu 400, 600, 800, 1000, 1500, kila namba unafuta mikwaruzo ya namba iliyopita na unaenda upande wa kukatisha ili uione. Usitumie vidole vitupu, vidole vinafuata mabonde. Kibao. Mi kwenye 220 nilitaka kumaliza haraka nikala ngozi ya zamani pembeni mpaka nikaona rangi ya nyama, nikarudi kujaza tena, siku moja ikaenda. Baada ya hapo kompaundi ya kung'arishia, kitambaa, nta.

Siku kumi za kazi zikaisha, bamvua ikarudi, na usiku wa maji makubwa sisi tuko pale tangu saa nane na tochi za simu. Boti imekaa kwenye magogo, inang'aa upande mmoja. Nikamwambia mzee atafute kiraka kiko wapi. Hakutumia tochi, akapitisha kiganja tu taratibu kuanzia omo, akasimama. "Hapa. Kimebaki juu kidogo." Ukweli kilikuwa juu, labda unene wa karatasi. Akaridhika, nikaona kwenye bega lake.

Afu kwa sababu maji yalikuwa bado mbali akaendelea kutembea na ile nyundo yake, mpini mbele, anagonga anaelekea shetri, kama mtu anayepoteza muda. Ta, ta, ta, ta. Nyuma kabisa, upande wa kushoto, chini ya mstari wa maji, mahali ambapo ngozi ni nyeupe, laini, haina hata ufa. Tu. Akarudia. Tu, tu.

"Huku uligonga?"

Nikamulika na tochi. Ukiangalia kwa pembeni sana unaona duara, kama sahani, nyeupe yake ni ya rangi ya kopo. Kumbe yule aliyeniuzia naye alikuwa na jamaa yake wa gereji.

Mzee akatoa penseli nyuma ya sikio akazungushia, maji yakaanza kulamba gogo la kwanza, vijana wakashika kamba.

"Bamvua ijayo," akasema. "Na nailoni uje nayo."